Gundi na Kipindi cha Pili

GRASIANA: Haloo, haloo? Hapo ni kwa Mhina wa Chanika, au nimekosea namba?

MHINA: Ni mwenyewe. Nani mwenzangu?

GRASIANA: Grasiana, katibu wa timu huku Ngombezi. Shikamoo kaka.

MHINA: Marahaba. Habari za Korogwe?

GRASIANA: Njema, ila jua linatuchoma na mkutano wetu ni saa kumi. Tunapigia kura kombe jipya, lipewe jina la Gundi au lisipewe. Wajumbe wamegawanyika nusu kwa nusu. Kura yangu ndiyo imebaki.

MHINA: Sasa unampigia golikipa wa Handeni? Mtu aliyefungwa naye mpaka—

GRASIANA: Ndiyo maana. Nataka kumsikia mwenye uchungu mwenzangu.

MHINA: (anacheka) Uchungu ninao. Ile fainali, dakika ya ishirini, krosi imetoka upande wa pili kama jiwe. Hussein akanyoosha mguu juu, mpira ukatua kidoleni ukatulia. Ndiyo maana mlimwita Gundi. Akanipiga tobo, akaukalia mpira kwenye mstari wa goli, akaniuliza kama nyumbani hawajambo.

GRASIANA: Ukamjibu?

MHINA: Nikamwambia hawajambo. Ningefanyaje, nimeamkiwa. Akausukuma ndani kwa kisigino. Chanika nzima waliniita Hawajambo miaka mitatu.

GRASIANA: Kipaji sibishani nacho. Kwa kupokea mpira hajatokea mwingine. Tatizo ni tabia. Kocha anaongea, yeye anachana nywele. Mwenzake akikosea pasi, anamfokea mbele ya mama yake mzazi.

MHINA: Na refa alipomwonyesha kadi, aliomba kalamu aisaini—

GRASIANA: Hayo ningesamehe. Lakini mapumziko, tunaongoza moja bila, mtu anavua jezi ya timu, anaifunga kiunoni kama anakwenda kuchota maji, anapanda bodaboda, huyoo. Hakuaga. Kipindi cha pili mkatufunga matatu. Miaka kumi na miwili sasa. Watu wanasema mlimnunua.

MHINA: Hatukumnunua. Sisi wenyewe siku ile tulikunywa maji ya bombani.

GRASIANA: Basi aliondoka kwa nini? ... Kaka Mhina? Umekatika?

MHINA: Nipo. Mtandao unakwaruza.

GRASIANA: Mimi nakusikia vizuri tu.

MHINA: Nilimwahidi sitasema.

GRASIANA: Yeye yuko Mashewa na mahindi yake, hajakanyaga uwanja tangu siku ile. Leo saa kumi jina lake linatupwa, na mimi ndiye ninayelitupa.

MHINA: (anashusha pumzi) Haya. Karibu na mapumziko aliruka kupokea mpira mrefu. Alipotua, miguu imepanuka, nikasikia praaa. Nyuma yake nilikuwa mimi peke yangu. Bukta ilipasuka toka mbele mpaka nyuma, na ndani, mdogo wangu, hakuvaa kitu.

GRASIANA: (anacheka mpaka anakohoa) Gundi? Yule aliyekuwa anajipulizia manukato kabla ya mechi?

MHINA: Huyo huyo. Akavua jezi, akajisitiri nayo. Papo hapo filimbi ya mapumziko ikalia, nikamfuata, nikamwambia aazime bukta ya mchezaji wa akiba. Akakataa.

GRASIANA: Kiburi.

MHINA: Nami nilidhani hivyo. Akasema akiazima, watataka kuiona iliyopasuka, halafu watauliza nani kaishona. Alisema kaishona binti ambaye ndiyo kwanza kamaliza kujifunza cherehani, na kambi nzima ya mkonge itamcheka mpaka aache kazi. Akaniambia, "Mimi wameshazoea kunitukana. Waache waendelee."

(mkwaruzo)

MHINA: Grasiana? Hakunitajia jina.

GRASIANA: Hakuwa na haja. Kambini mwaka ule cherehani ilikuwa moja, ya shangazi yangu, na bukta nilishona mimi. Uzi mnene uliniishia, nikamalizia kwa uzi wa kudarizi.

MHINA: Ulikuwa mtoto.

GRASIANA: Nilikuwa na miaka kumi na minane. Na wa kwanza kumwita msaliti ni mimi, kaka. Akipita mlangoni kwangu nilikuwa natema mate. Yeye ananisalimia, anapita. Leo nina mafundi wanne chini yangu.

MHINA: Hilo nimelisikia mpaka huku.

GRASIANA: Salio limeanza kulia. Nikieleza mkutanoni, utakuwa umevunja ahadi?

MHINA: Ukieleza ya kwako, mimi sijasema kitu.

GRASIANA: Basi nitasimama mwenyewe. Wacheke, kazi siachi. Kaka, namba yake ya Mashewa unayo?

MHINA: Ninayo. Unataka kumwomba radhi?

GRASIANA: Hiyo nitaifuata kwa miguu. Kwenye simu nataka anitajie kipimo cha kiuno chake tu. Safari hii napiga mshono mara mbi—

MHINA: Haloo? Grasiana? Haloo.