Wanaompigia Taa Muuza Vitunguu

Mshonaji alikaa nyuma ya abiria wawili ndani ya basi, kitambaa mapajani, masikio yote mbele.

"Tangu nifunge balbu za LED kwenye pikapu, watu wamekuwa na adabu," mzee muuza vitunguu alimwambia dada aliyekaa naye. "Nikienda sokoni alfajiri, kila ninayepishana naye ananipigia taa. Nami nawapungia mkono."

Dada yule, fundi umeme wa magari, akakohoa kidogo. "Baba, taa ulizipima ukutani gari likiwa tupu?"

"Tupu, ndiyo. Zikakaa sawasawa."

"Ukipakia magunia, nyuma inalala, mbele inanyanyuka. Mwanga unawapiga machoni. Hawakusalimii, baba. Wanalalamika."

Mshonaji alitamani fundi angeyameza hayo.

"Hata wa lori la maziwa? Yule hupiga mara tatu."

"Huyo ndiye umemchosha kabisa. Nipitie kesho nikushushie taa."

"Ngoja kwanza," mzee alisema taratibu. "Tangu mama watoto atangulie, hao ndio watu wangu wa asubuhi."

Basi likapunguza mwendo kuingia kituoni. Gari lililokuwa likija likampigia taa dereva wao, na mkono wa mzee ukawa umeshanyanyuka.