Karatasi Isiyofika Shambani

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Mwokozi wetu. Nimezoea kukaa nyuma na kuuliza maswali, na wengine wenu mmeshachoka nayo. Leo nashuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa na swali ambalo sikuuliza.

Mnamjua baba yangu. Alifanya kazi miaka ishirini kwenye shamba la setla kule Kitale, karibu na Kibomet, na sheria ikimkataza Mwafrika kununua hata upana wa kitanda katika ardhi hiyo. Kisha setla akaamuru ng'ombe wetu waondoke, nasi tuwafuate mahindi yakishavunwa. Miaka ishirini, na hakutoka hata barazani kutuambia. Alimtuma nyapara.

Ndipo Ndugu Paulo, mzee wa kanisa hili, akamwambia baba kwamba yeye ana shamba la kuuza hapa Bokoli. Alileta mkataba uliopigwa taipu kwa Kiingereza, una stempu na sahihi. Baba alinipa niusome kwa kuwa ni mimi niliyetoka chuoni Kampala. Niliusoma mara mbili, nikasema uko sawa.

Mama aliuliza kitu kimoja tu: "Na sasa hivi nani analima pale?"

Nilimcheka, ndugu zangu. Nilimwambia mambo ya kutembea mpaka na majirani na kupanda mkonge wa alama kwenye kila pembe ni ya watu wasiojua kusoma. Mimi ninayetilia shaka hata mahubiri, niliamini stempu! Baba akaweka dole gumba. Paulo akawaswaga ng'ombe wetu wote sita, ndio bei.

Tulipofika na mizigo, tulimkuta Mama Nasimiyu, mjane wa nduguye Paulo, akipalilia wimbi. Shamba lilikuwa la marehemu mumewe, naye amelilima tangu aolewe. Aliangalia vitanda vyetu kwenye mkokoteni.

"Ati mnahamia kwangu," akasema, "na mimi sijaambiwa? Si mngenijulisha basi, nipike."

Paulo alikuwa amemwibia baba, na akamuuza mjane pamoja na wimbi lake!

Tulipotaka kushtaki, tuliambiwa hapa hapa kanisani tunyamaze, ati ndugu hawapelekani mahakamani. Tuliombewa sana tuwe na roho ya kusamehe. Paulo hakuombewa awe na roho ya kurudisha ng'ombe. Wakati huo mama yangu alikuwa analala kwenye ghala la watu. Nilikaribia kuiacha imani, nawaambia ukweli.

Hata hivyo tulikwenda Bungoma, mbele ya wazee wa mahakama. Niliwapa karatasi yangu. Mzee mmoja aliigeuza huku na huku.

"Kijana," akaniuliza, "hii karatasi imefika shambani?"

Watu wakacheka. Akamgeukia baba, akataka kujua ni jirani gani aliyetembea naye mpakani, na kama mwenye kulima pale alikuwepo. Baba aliniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa hivyo.

Wazee wakaamua shamba ni la Mama Nasimiyu na ng'ombe warudishwe. Paulo akashika Biblia, akaapa kwamba wote walikufa kwa ugonjwa.

Hapo ndipo Bwana alipotenda! Mama Nasimiyu alikuwa ameshapata haki yake. Angeweza kwenda zake. Alisimama akasema aliwaona ng'ombe wale wakipitishwa mbele ya lango lake kupelekwa Kapsokwony, kwa rafiki ya Paulo, na mmoja ana pembe iliyovunjika. Askari akatumwa. Aliwakuta hai, wamenona.

Jirani wa Mama Nasimiyu alikuwa na kipande cha shamba cha kuuza. Safari hii tuliutembea mpaka wote, mke wa muuzaji, ndiye aliyekuwa akilima pale, mbele, majirani wa kila upande nyuma, na Mama Nasimiyu akibeba mkonge wa kupanda. Karatasi tuliiandika mwisho, tukiwa tumesimama kwenye udongo wenyewe. Mama yangu ana nyumba pale leo.

Ndugu zangu, mwaminini Mungu huyu. Alinitoa kwenye shimo nililochimba kwa elimu yangu, na atakutoa wewe pia. Lakini nimesikia Ndugu Paulo, aliyeketi pale karibu na dirisha, anauza kipande kingine, na mkataba umeshapigwa taipu. Ndugu Paulo, hatukufukuzi. Tupeleke tu kwenye hicho kipande. Tukitoka hapa twende sote, na mke wako atangulie. Mama Nasimiyu amekuja na mkonge.