Sili Amezalia Kwa Bi Nóra

Basi dogo la kwenda Blacksod lilikuwa bado mbali na gati, na abiria wote tulikwisha kujua kwamba Bi Nóra Lavelle anarudi Inishkea, kisiwa alikozaliwa na kuhamishwa akiwa na miaka sita.

"Bahari ilikataa siku nne, leo imekubali," alimwambia jirani yake, bwana mwenye darubini shingoni.

"Nami naenda huko, bibi, kuhesabu sili wanaotoka baharini kuzaa. Wiki iliyopita nilikuta mmoja amezalia ndani ya gofu la nyumba, ile ya mwisho, yenye meko mawili."

"Hiyo ni yetu!"

Hapo niliacha kujifanya nasoma gazeti.

"Basi usiingie, tafadhali. Akishtuka atamtelekeza mtoto."

"Yaani nibishe hodi kwangu, mwanangu, nimngoje sili anikaribishe?"

"Ni mzazi, bibi."

"Hata mama yangu alijifungulia humo humo, na majirani waliingia tu." Akamgeukia. "Huyo mtoto ni wa kike?"

"Sikumsogelea."

"Sasa ulikuwa unahesabu nini?"

Basi likasimama gatini. Bi Nóra alishuka wa kwanza, na mwenye darubini akamkimbilia nyuma akimsihi amsikilize.