Mstari wa Njano

Jumapili halmashauri ilichora mstari wa njano barabarani, hatua mbili kutoka benchi la kahawa, na kwenye nguzo ya kona ikatundika kamera. Kuanzia Jumatatu, tangazo lilisema, kila gari litakalouvuka kuingia katikati ya mji litalipa tozo ili foleni ipungue. Tangazo lilikuwa na mihuri mitatu, kana kwamba foleni huogopa mihuri. Jumatatu saa mbili asubuhi teksi ya Klachi ilisimama hapo, pua ikiunusa mstari. Kwenye kiti cha nyuma alikaa shangazi yake, mshonaji, amepakata gauni la bibi harusi lililotakiwa ukumbini saa tatu. Klachi mwenyewe alikuwa benchini, amekunja uso: nauli ya kindugu ilikuwa nusu ya tozo, na shangazi haongezwi nauli.

— Ingia kinyumenyume, alisema Karani, mstaafu wa masijala ambaye bado huongea kama faili. Kamera itaandika kwamba gari limetoka.

— Na jioni nikirudi nyumbani?

Karani alilisoma tena tangazo.

— Gari haliwezi kutoka mara mbili. Hapo itabidi ulale mjini.

— Mnazunguka mbuyu, alidakia Mwavuli, fundi wa miavuli asiyewahi kumiliki hata baiskeli. Zima injini, tulisukume. Gari lisilonguruma ni mkokoteni, na mkokoteni haumo kwenye orodha ya tozo.

— Na shangazi je?

— Mzigo.

Kioo cha nyuma kikashuka.

— Huo mzigo una masikio. Klachi mwanangu, twende au nishuke nitembee? Bibi harusi amejifunga taulo huko.

— Dakika moja, shangazi. Haraka haraka haina baraka.

— Nitamfikishia bwana harusi salamu hizo.

Birika, muuza kahawa, akawajazia vikombe.

— Kunyweni, akili zitulie. Mmeona leo hakuna moshi? Makaa nimeyapa talaka.

Kweli, birika jipya la umeme lilikuwa likinguruma chini ya benchi, waya wake umepotelea nyuma ya nguzo.

— Aliye juu mngoje chini, alisema Mwavuli, akiikazia macho kamera. Tuisubiri ipepese, halafu upite.

— Kamera ina kope?

— Ya halmashauri? Ina kope, ina chai ya saa nne, na likizo ya mwezi mzima.

Klachi, Mungu amsamehe, alianza kuingoja ipepese.

Ndipo akatokea mwanamke mwenye ngazi begani na kitambulisho cha halmashauri shingoni. Benchi zima likasogea kumpisha. Aliitazama kamera, akaufuata waya kwa macho mpaka kisanduku kilicho chini ya nguzo, kisha akainama akachungulia chini ya benchi.

— Shikamooni, wazee. Kamera hii haijaona kitu tangu alfajiri. Hilo birika mmelichomeka wapi?

Karani akalirudia tangazo, safari hii akitafuta kama birika limo kwenye orodha. Mwavuli akakumbuka mwavuli wa mtu. Birika la umeme likachemka, likajizima lenyewe.

Klachi alikuwa ameshasimama, ufunguo mkononi.

— Birika, mmiminie mgeni wetu. Kikombe kikubwa, na kiwe cha moto sana. Ngazi ni nzito hiyo, dada, usinywe kwa pupa.

Teksi ikauvuka mstari pua mbele, kama gari la mtu mwenye heshima zake. Nyuma, shangazi alikuwa amelinyanyua gauni juu kwa mikono miwili, lisije likakunjika.