Kinshasa ya Mwalimu Éliakim

Mheshimiwa Bourgmestre wa Commune yetu ya Mulekera hapa Beni, Bwana Inspecteur, Mchungaji na bazee ba kanisa, Sheikh wetu, mwenye alikubali kukaa leo katikati ya Baprotestanti, Madame Directrice, ndugu balimu, bazazi, banafunzi ba leo na ba zamani, zaidi bale benye balitoka Butembo asubuhi hii na pikipiki na bado beko na vumbi mpaka mu masikio: Bwana Yesu asifiwe, na assalamu aleikum. Kila mutu achukue yake.

Mimi ni Hadjara, binti ya Issaka mwenye malori. Ninauza bitunguu ku soko, ni mimi présidente wa comité ya bazazi, na zamani nilikuwa mutoto wa sixième, mwaka wa sita, mu ile classe pale ya dirisha moja. Tumekusanyika kumuaga Mwalimu Éliakim Kasonia, mwenye anaingia mu retraite nyuma ya miaka makumi tatu na sita ya kufundisha historia na géographie. Protocole ilinipa dakika kumi na kazi mbili. Ya kwanza ni kumusifu, na hiyo hata mutu mwenye usingizi anaweza. Ya pili ni kumupandisha ndege ya Alhamisi, na hiyo imeshinda batu bote.

Banafunzi ba zamani tulichanga, tukamununulia tiketi ya kwenda Kinshasa na kurudi. Juu ya nini Kinshasa? Juu Mwalimu alitufundisha Kinshasa maisha yake yote, na yeye mwenyewe, kusini hajapita Kirumba, mu jimbo yetu hapa hapa. Alishukuru, akarudisha bahasha kwangu. Nikamurudishia, akairudisha na shukrani ingine. Mara ya tatu aliongeza mustari wa Biblia. Mchungaji akamuombea; Mwalimu akasema amina, akabaki pale pale. Madame Directrice akamubembeleza. Mama Abigaïl, muke wake, akaacha kusema naye siku mbili, na Mwalimu aliniambia mu siri kwamba alipumzika muzuri. Pole, Mama. Siri imetoka.

Sasa, bageni benye hamukusoma hapa, munaona hiki kiwanja mbele yenu? Munafikiri ni kiwanja. Hapana. Ni Kinshasa. Hatukukuwa na carte, ni kusema ramani, ku ukuta, hatukukuwa na kitabu hata moja chenye picha, lakini Mwalimu alisema mutoto mwenye miguu hapana kosa carte. Donc ule mufereji wa maji ya mvula ulikuwa Mto Kongo. Lundo la matofali yenye ilibaki wakati ya kujenga kanisa ilikuwa Mont Ngaliema. Kutoka ku mulango wa bureau, ni kusema Gare centrale, mpaka kule ku mikaratusi, ilikuwa Boulevard du 30 Juin, na mutoto mwenye kutembea katikati ya boulevard alipigiwa honi na classe nzima. Choo iko ng'ambo ya mufereji, kwa hiyo ilikuwa Brazzaville. Ukibanwa, uliinua kidole na kusema: Mwalimu, naomba visa. Na kizizi ya mbuzi ya directeur wa zamani, Mwalimu aliiweka kuwa Palais du Peuple, nyumba ya bunge. Hapo sitaongeza neno, Mheshimiwa Bourgmestre eko ananiangalia.

Historia nayo tuliisoma na miguu. Kwanza bijiji bya Bateke na Bahumbu, soko ya samaki na pembe kando ya mto. Kisha Stanley, mwaka 1881. Mutoto mwenye alichelewa siku ile njo alipewa kuwa Stanley, juu, Mwalimu alisema, Stanley alifika nyuma ya benyeji bote na akaanza kupa majina bitu byenye bilikuwa tayari na majina. Mimi nilikuwa Stanley mara kumi na moja. Kisha mwaka 1929, capitale inahama kutoka Boma: tulibeba sanduku ya craie, ya chaki, ku kichwa, na wimbo, mpaka Léopoldville. Kisha tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita, 1960, uhuru. Siku ya ile leçon tulikimbia boulevard nzima na makelele, mpaka directeur alifikiri saa ya kurudi imefika, akapiga kengele, na shule yote ikaenda nyumbani saa ine ya asubuhi. Na mwaka 1966 muji ukarudishiwa jina yake, Kinshasa, na sisi tukarudishiwa craie yenye tulinyanganywa juu ya ile kengele.

Bwana Inspecteur, unacheka. Ile siku ya kengele, inspecteur wa zamani hakucheka.

Miaka tisa imepita tangu nilienda Kinshasa mimi mwenyewe kufuata mizigo yangu. Nilishuka ku Gare centrale, nikashika boulevard peke yangu, sikuuliza mutu. Bakinois, benyeji ba pale, baliniangalia: huyu mama wa kilemba kutoka Beni anaenda wapi na kifua mbele? Nilijua. Nilienda mpaka Kintambo, nikaona Mont Ngaliema, nikapanda taxi mpaka Limete, ku ule mnara mukubwa wa Échangeur. Saa ya swala ya adhuhuri ilikuwa imefika. Sasa, mu kiwanja hiki, mnara wa Limete ni muti wa drapeau, wa bendera. Na kutoka ku drapeau mpaka mufereji ni hatua ine. Donc mimi, Hadjara binti ya Issaka, nilisimama chini ya mnara wa Limete, nikavua biatu, nikakunja mikono ya kanzu, nikahesabu hatua ine niende kutawadha mu Mto Kongo.

Nilitawadha na moshi ya bataxi.

Pale kulikuwa mama moja muuza mikate, jina yake Shalom. Aliniangalia vile ninatafuta mto katikati ya magari, miguu wazi, akacheka mpaka alishika beseni. Aliniuliza nani alinionyesha njia. Nikasema mwalimu wangu. Akauliza kama aliishi Kinshasa. Nikasema hajafika hata siku moja. Hapo akakaa chini kabisa. Kisha akaangalia mnara, akasema: "Mimi nilizaliwa hapa nyuma, mama. Hakuna mutu alinielezaka hii muji ilianza wapi." Basi nikamueleza. Nilianza ku samaki na pembe, nikapita ku Stanley, nikabeba craie kutoka Boma. Bauzaji benzake bakasogea, na receveur wa taxi moja akasahau kuita bateja. Wakati nilimaliza, Shalom alinipa chupa yake ya maji, nikatawadha pale, nikaswali nyuma ya beseni ya mikate.

Niliporudi Beni, Mwalimu alikuja mu duka yangu. Hakuuliza safari. Aliuliza kitu moja: mnara na mto, biko karibu? Nikamuambia: hatua ine, Mwalimu. Nilidanganya mwalimu wangu macho kwa macho, Sheikh unisamehe, na miaka tisa ninaishi na ule uongo.

Juu ya nini ninasema leo? Juu juzi alirudisha bahasha mara ya ine, na safari hii hakuleta mustari wa Biblia. Alikaa ku gunia ya bitunguu, akasema: "Hadjara, kama nilikosea, batoto elfu moja na mia ine banatembea na kosa yangu mu kichwa. Heri nisione."

Mwalimu Éliakim, unisikie mbele ya batu. Ulikosea. Mnara uko mbali na mto. Mbali sana, mutu anapanda taxi. Nimesema. Angalia: kanisa haikuanguka, Bwana Inspecteur bado amekaa, na bale batoto bako, angalia vile bavaa bizuri, moja ni infirmier wa hospitali, ingine eko na garage Butembo, na hakuna hata moja alizama mu mto juu yako. Wewe njo ulituambia mutoto mwenye kuficha cahier yake, daftari yake, anakosa mara mbili. Sasa cahier inafichwa na nani?

Na kuna kosa ingine umefanya wiki hii, hiyo ni kubwa zaidi, na hiyo sitaificha hata dakika moja. Mama Jokébed alisikia habari ya tiketi, akakuletea maharagi ya kupelekea mutoto wake Élisée mwenye anasoma Kinshasa. Ulimuambia hauendi? Hapana. Una haya, ulipokea. Papa Mathe akaleta biazi ya kutoka Kipese, ya kupelekea shemeji yake. Ulipokea. Mu nyumba yako sasa kuko colis, mizigo ya kutumwa, kumi na saba, na juu ya kila moja uliandika jina kwa mukono wako, na ile mwandiko muzuri yenye sisi bote tunajua. Mwalimu, wewe ni Munande mutu mukubwa, mimi nikufundishe desturi yenu? Tiketi mutu anaweza kukataa. Colis ya mutoto wa mwenzake, akiisha kuipokea, amesafiri. Inabaki tu ndege. Élisée amekwisha kupigiwa simu. Beko banakungojea ku Ndjili, ku uwanja wa ndege, bote kumi na saba, na bamoja kati yao ni batoto bako ba sixième. Utabaambia maharagi ilikataa kupanda?

Ninakupenda, Mwalimu. Ninasema wazi juu ulinipa muji nzima bila kutoka mu hiki kiwanja. Lakini miaka makumi tatu na sita wewe unapa tu batu. Mara moja, pokea.

Ngoja. Mwalimu ameinua kidole. Tunyamaze, tafadhali.

Anauliza: kutoka mnara mpaka mtoni, kwa kweli, ni hatua ngapi?

Sijui, Mwalimu. Sikuhesabu. Hesabu wewe, kisha utuambie.

Mheshimiwa, bazazi, bandugu bote, wasingya kutsibu, asante sana, kwa masikio yenye mulinipa na dakika yenye niliiba. Mama Abigaïl, funga valizi ya safari.