Simsim ya Nanyama

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Griffins zima simu hiyo, maana pumzi yangu si ya kurudia neno mara mbili. Hospitali ya Kombewa wamenirudisha nyumbani, na hakuna haja ya kunong'onezana pale mlangoni kana kwamba sijui maana ya kurudishwa. Najua. Kufa hakunikeri. Kinachonikera ni kwamba tangu mnilaze hapa nimeomba kitu kimoja tu cha kuweka mdomoni, na nyinyi, watu wazima mliolelewa kwa chakula cha mikono hii, mmeniletea keki ya dukani iliyopakwa povu la rangi ya waridi, maziwa ya kopo na supu isiyo na chumvi, na kila nikigeuza uso mnaambiana, "Mama hana tena hamu ya kula." Hamu ninayo. Chakula ndicho sina.

Jacinta, binti yangu, shusha ile sahani uliyoiweka juu ya kabati asubuhi. Usishtuke, mgonjwa si kipofu. Nilimsikia Nanyama huko jikoni akikaanga mbegu za simsim kwenye kikaango kikavu, nikasikia harufu ya sukari nguru ya Awasi ikiyeyuka, na mate yakanijaa mdomoni kama mtoto. Kisha akaingia na sahani, wewe ukaipokea kwa mikono miwili kwa adabu zote, na alipotoka tu ukaipandisha huko nisikofika. Ukaniambia, "Ni sukari yako, Mama, daktari amekataza." Daktari yupi anamkataza sukari mtu aliyemwambia aende nyumbani akapumzike? Sema lililo moyoni mwako. Hutaki nile kilichopikwa na mjane wa ndugu yako.

Basi nitalisema mimi. Nanyama, usitoke, kaa hapo hapo mkekani.

Okinyi, kitinda mimba wangu, alianguka Jumapili baada ya chakula cha mchana, na kabla hatujamzika maneno yalikuwa yamefika hadi Luanda Kotieno: yule mwanamke wa Bungoma amemtilia mumewe kitu. Mimi nilikuwa nimeketi pale. Tulikula ugali wa mtama na mboga ya osuga iliyolala kwenye maziwa usiku kucha hadi uchungu wote wa majani ukaisha, na Okinyi akala kidogo akashika tumbo, kama alivyokuwa akilishika miezi yote ile akidhani simwoni. Daktari alitueleza, Jacinta, ukiwa umenishika mkono, kwamba ni kidonda cha tumbo kilichotoboka. Nami nilikula chungu kile kile, nikakifuta kwa tonge la mwisho, na bado nipo hapa nawasumbua.

Mara ngapi nimeyasema haya? Niliyasema matangani. Niliyasema Pasaka ile ulipoinua sufuria yake ya nyoyo, yale mahindi na maharagwe aliyoyachemsha tangu alfajiri, ukawamwagia mbwa, na watoto wake wamesimama na sahani mkononi. Watoto wa Okinyi, Jacinta! Waliwatazama mbwa wakila. Na wewe Griffins, kifungua mimba, uliyekuja kutoka Nairobi na gari lako, ulikohoa tu ukatoka nje kupiga simu. Tangu siku hiyo watu wa nyumba hii wanakula kwa makundi, hawa wakimaliza wale ndio waingie, na mimi nazunguka katikati na sahani zangu nikibembeleza watu wenye mvi. Nimechoka. Niacheni niseme kwamba nimechoka.

Nipe donge moja. Hapana, usinikatie, nitalitafuna kwa ufizi.

Ee, Nanyama. Hii ndiyo. Haijaungua, na hainati mdomoni. Mama mkwe wangu aliniambia siku ya kwanza nilipoingia boma hili, "Viringisha ikiwa bado moto, lowesha viganja, na usilie." Nililia. Na wewe Jacinta ulilia pia, ulipokuwa huna hata meno ya mbele, ukaniletea vidole vyako vyekundu nivibusu, halafu ukanyoosha mkono tena kwenye sufuria. Ulikuwa ukienda shule na donge moja chini ya ulimi, hujibu salamu ya mtu njia nzima. Hatukuwa na kitu, lakini jioni za viazi vitamu na maziwa ya mgando mlicheka hadi baba yenu akawafukuza nje. Nani aliwaambia kwamba furaha ile ilikuwa umaskini?

Inueni kichwa changu kidogo. Mzee wa kijiji, Bwana Odongo, nimekuita ili usikie, wakija kugeuza maneno. Ng'ombe ni wa Griffins. Nyumba hii na vilivyomo ni vya Jacinta, apate pa kufikia akija kwao. Jiko la nje, na shamba la viazi linaloshuka hadi kijitoni, ni vya Nanyama na watoto wake, na asiwaondoe mtu. Nilikuona Griffins na futi yako, ukipima ukuta wa jiko langu. Unataka vyumba vya kupangisha. Jenga kwingine. Pale hapavunjwi.

Sasa pitisha sahani. Griffins, chukua. Tafuna mbele yetu... Unaona? Hata tabasamu lako la utotoni limerudi.

Jacinta. Chukua, mwanangu.

Haya. Funga mdomo basi. Sitakushikia taya, na sina nguvu ya kukasirika zaidi ya hapa. Lakini sikia agizo langu, na Mzee Odongo alishike. Kwenye maziko yangu pasije watu wa kukodiwa na mahema yao na wali wao mkavu. Chakula kitapikwa jikoni kwangu: nyoyo, viazi, omena, ugali wa mtama, na simsim kwa watoto wote watakaofika. Atapika Nanyama. Na atakayesimama mbele ya watu na kuwapakulia, sahani kwa sahani, ni wewe Jacinta, wewe uliyewaambia wasile. Ukikataa, wageni wangu watarudi kwao na njaa, na watajua ni kwa nini.

Maji... Asante. Yametosha.

Mungu awape mvua kwa wakati. Awape vyungu visivyokauka na watoto wanaogombania ukoko. Griffins, awe nawe barabarani. Nanyama, mikono yako ibarikiwe, mbele ya wote nasema ibarikiwe. Jacinta, nyathina, mwanangu, nakubariki wewe pia, hasira yangu isikufuate hata hatua moja.

Nani huyo analia, ni Jacinta? Sema kwa sauti, mwanangu, masikio yangu yameenda mbali... Unasema nini? Chumvi?

Unauliza nani ataonja chumvi, siku hiyo.

Wewe, nyathina. Uonje wewe.