Bahari Isiyo na Mwenyewe

Mjane aliyekaa dirishani hakuwa na nia ya kusikiliza, lakini baharia wa kiti cha mbele alikuwa na sauti ya kujaza behewa zima.

"Bahari kuu haina mwenyewe, dada," alimwambia karani wa uvuvi, ambaye walikuwa wamekutana humo humo kwenye treni. "Ukishavuka maji ya nchi za watu, unavua utakavyo. Nani atakukamata? Papa?"

"Siku hizi kuna mkataba, kaka. Sehemu nyingine zitafungwa."

"Kwa kufuli gani?"

"Kila nchi itaibana meli inayopeperusha bendera yake."

"Bendera ya meli yetu ni ya nchi isiyo na hata ufuko. Watatubana kutoka mlimani?"

Karani alirekebisha miwani.

Mume wa mjane alifia huko bahari kuu, kwenye meli ya uvuvi, akazikwa majini kwa kuwa bandari ilikuwa mbali. Mjane aliinama mbele.

"Samahani, wanangu. Nyavu mnazovulia huko zinafika chini kabisa?"

Baharia alishusha sauti. "Nyingine zinakokotwa kwenye sakafu yenyewe ya bahari, mama."

"Basi waanze kufunga pale alipolala mume wangu."

"Ni wapi, mama?" karani aliuliza.

"Mbali," mjane alisema, maana nahodha wa mumewe hakumwambia zaidi ya hapo.

Treni ikasimama, naye akashuka.